Waya Nilioutoa

Novemba 14, Ijumaa

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, ya mawe, ikapiga bati la chumba cha udhibiti mpaka simu haikusikika. Laini mpya ina siku kumi tangu iwashwe kwa majaribio. Kitabu cha zamu kinataka saa, volti na sahihi. Mengine hayana pa kwenda, ndiyo maana nimenunua daftari hili sokoni.

Jioni mama alipiga simu kutoka Kate, kijijini kwetu. Wameanza kubomoa matuta ya mwaka jana ili wapande. Aliuliza kazi yangu mpya ni ipi hasa, nikamwambia naangalia riakta.

"Ndiyo transfoma?"

"Inafanana nayo, mama, ila yenyewe haipozi umeme wala haiupandishi. Laini yetu ni ndefu na watumiaji ni wachache. Laini ya namna hiyo huvimba. Umeme unaondoka kule na kipimo chake, ukifika huku umezidi. Riakta inameza ile ziada."

"Juzi mlisema umeme hautoshi. Leo mna mashine ya kuumeza."

"Isipokuwepo, taa zitapasuka na friji zitaungua mji mzima."

Akatafuta mfano wake mwenyewe. "Kama mtungi wa pombe inayochacha. Lazima mdomo uachwe wazi kidogo."

Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hivyo. Kisha akauliza kama nimemsalimia Valerian.

Injinia Valerian ndiye mkuu wa kituo. Ametoka Kate kama mimi, shamba la mama yake linapakana na la mama yangu. Miaka sita iliyopita, watu waliposema mwanamke hawezi kushika zamu peke yake, yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema, "Redempta anaweza kuliko nyinyi mnaosema." Sijasahau.

Novemba 19, Jumatano

Mvua. Volti sawa. Hakuna jipya.

Novemba 27, Alhamisi

Saa tano asubuhi taa ya njano imewaka: gesi kwenye riakta. Juu ya tangi, kwenye bomba, kuna rilei, kifaa cha ulinzi chenye kidirisha cha kioo. Mafuta ndani ya tangi yakiungua popote, hutoa mapovu, na mapovu hukusanyika pale. Yakiwa machache, taa ya njano inawaka ili tujue. Yakiwa mengi, inawaka nyekundu na rilei inakata laini yenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilimwita Obed. Huyu ndiye fundi wa yadi, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Anakaa Kasense, nyuma ya kituo, na mkewe Kabula. Riakta anaiita Dume, kwa sababu ya mngurumo wake. Leo aliweka kiganja kwenye tangi, akasikiliza kama anayesikiliza tumbo la mnyama.

"Dada Redempta, sauti hii si ya wiki iliyopita."

"Ni mvua."

"Mvua iko nje. Hii iko ndani."

Alitoa ile gesi kwenye chupa, akaenda nayo mbali, ng'ambo ya uzio, akaiwashia kiberiti. Ikawaka. Mwali mdogo wa samawati. Hewa ya kawaida haiwaki.

Novemba 28, Ijumaa

Obed alimweleza Valerian. Valerian akasema mashine mpya zote hutoa hewa iliyobaki wakati wa kujaza mafuta, itaisha yenyewe. Obed akasema hewa haiwaki, mashine izimwe ifunguliwe. Valerian akamwuliza nani amemruhusu kuwasha moto kituoni.

Sampuli ya mafuta imetumwa maabara. Hilo tu ndilo alilokubali.

Desemba 8, Jumatatu

Taa ya njano tena. Obed ameitoa gesi. Safari hii hakuiwasha, aliitikisa tu chupa akaniangalia.

Desemba 21, Jumapili

Leo rilei imekata. Saa saba mchana, watu wanatoka misa ya pili, mji mzima ukazimika. Giza la saa nne nzima kwenye saluni, kwenye mashine za kusaga, hospitalini. Valerian alipigiwa simu na wakubwa mara sita, nilizihesabu, kila mara alisimama kana kwamba wanamwona. Kisha tukawasha tena.

Desemba 25

Zamu. Kabula alimtuma Obed na wali na nyama ya mbuzi kwenye bakuli lenye mfuniko. Kwa kuwa Obed ananiita dada, yeye ananiita wifi. Hatujawahi kukaa pamoja zaidi ya saa moja, lakini sikukuu hanisahau.

Januari 6, Jumanne

Imekata tena. Majibu ya maabara bado. Valerian anasema yamechelewa. Sikuwahi kumwona akisema uongo, kwa hiyo sikujua sura yake ikoje anaposema. Sasa nadhani najua: anazungumza akipanga karatasi ambazo tayari zimepangwa.

Januari 11, Jumapili

Ng'ombe wa Obed wameingia kwenye ulezi wa Bibi Luciana, jirani yake, mjane wa miaka sabini na kitu anayeishi peke yake. Wamekula kona nzima. Obed alikwenda kuomba radhi, bibi akamfukuza na mpini wa jembe. Akamwambia mbele ya watu, "Mungu anaona, na wewe utaona."

Obed alinisimulia akicheka. "Ana haki, dada. Ningekuwa mimi ningempiga mwenye ng'ombe kabisa."

Januari 15, Alhamisi

Mvua siku nne mfululizo. Nguo hazikauki. Volti sawa.

Januari 23, Ijumaa

Obed yuko likizo fupi, anajenga zizi upya ili ng'ombe wasitoke. Valerian alinikuta peke yangu saa nne asubuhi. Alifunga mlango wa chumba cha udhibiti, jambo ambalo hafanyi.

"Uzinduzi ni tarehe ishirini mwezi ujao. Mgeni rasmi amethibitisha. Laini ikikatika tena kabla ya hapo, mimi sina kazi."

"Basi tuizime riakta ifunguliwe, kama Obed alivyosema."

"Ikizimwa, laini nayo inazimwa. Unajua huwezi kuiacha laini ile bila riakta. Jenereta za zamani wameshazipeleka mkoa mwingine, na laini ya zamani haiwezi kuubeba mji wote. Hospitali itakaa kwa mgawo mwezi mzima. Wewe utawaeleza wajawazito?"

Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilimwonea huruma, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

"Toa waya wa kukatia wa rilei ya gesi," akasema. "Taa ziache. Tutaangalia kwa macho, ikizidi tutakata kwa mkono. Mwezi mmoja tu."

"Niandike kwenye kitabu?"

"Redempta."

Alilitamka jina langu kwa sauti ya nyumbani, ya Kate, si ya ofisini. Nikachukua bisibisi. Skrubu moja, nusu dakika. Nikauzungushia waya utepe mweusi, nikaulaza pembeni. Sikuandika.

Januari 27, Jumanne

Obed amerudi. Nilitaka kumwambia wakati wa chai. Akaanza yeye: amepanga kumpelekea Bibi Luciana mikokoteni mitatu ya samadi na kumlimia kona iliyoliwa. Alikuwa na furaha nayo sana. Nikasema nitamwambia kesho.

Januari 28, Jumatano

Sikumwambia.

Januari 30, Ijumaa

Jana sikuandika. Naandika leo, polepole.

Alhamisi, saa tisa alasiri, wingu lilitoka upande wa bonde la Rukwa likafunika kituo. Radi zilikuwa mbali, upande wa milimani. Saa tisa na robo taa ya njano ikawaka. Obed alikuwa mlangoni ananawa mikono. Alivaa koti la mvua, akachukua chupa yake, akaenda yadini kutoa gesi kama alivyofanya kila mara.

Nilimwona kwenye dirisha. Alichuchumaa chini ya tangi, kwenye bomba la kutolea gesi linaloshuka kutoka kwenye rilei, mgongo wake wa njano ndani ya mvua. Saa tisa na dakika arobaini taa nyekundu ikawaka.

Taa nyekundu maana yake laini imeshakatika. Mwaka mzima nimefundishwa hivyo. Haikukatika. Mngurumo uliendelea, na mimi nikaangalia ile taa kwa muda ambao sijui ni sekunde ngapi, kisha nikakumbuka ni kwa nini. Mkono wa kulia nikauweka kwenye swichi kuu. Wa kushoto ukachukua simu kumpigia Valerian. Nilitaka kwanza anipe ruhusa. Iliita mara mbili.

Sijui mlipuko unasikikaje kwa watu wa mbali. Mimi niliona vioo vinaingia ndani. Tangi lilipasuka upande wa chini, mafuta yakatoka yakiwa yanawaka, mvua haikuyazima. Ulinzi wa upande wa pili wa laini ndio uliokata, baadaye, wakati hakuna tena cha kuokoa.

Nilimfikia Obed na mtungi wa kuzimia moto. Koti lilikuwa limeshika kwenye ngozi. Alikuwa anazungumza Kisukuma, sielewi alichosema. Tulimbeba mimi na mlinzi hadi kwenye gari.

Leo alfajiri Valerian alinikuta nafagia vioo. Alikuwa bado na nguo za jana. Akaniambia, "Rudisha ule waya kabla timu ya uchunguzi haijafika."

Nikaurudisha. Bisibisi ile ile.

Februari 2, Jumatatu

Obed amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Februari 4, Jumatano

Tumemzika Kasense, kwenye mvua. Kabula alikaa chini kwenye mkeka na hakulia mbele ya watu. Nilipopiga magoti kumpa pole alinishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Wifi, nimeambiwa ulimbeba. Mungu akulipe."

Nikabaki nimeinamisha kichwa hivyo hivyo. Watu walidhani nalia.

Februari 5, Alhamisi

Maelezo yalikuwa yameshachapwa nilipoitwa ofisini. "Saa 9:40 alasiri radi ilipiga yadi ya kituo na kusababisha mlipuko wa riakta." Chini, nafasi ya sahihi yangu.

"Haikupiga kituoni," nikasema. "Ilikuwa milimani. Vizuia radi vyetu vina vihesabio, radi ikipiga namba inapanda. Asubuhi ya siku ile ya ajali vilikuwa vinasoma namba saba, na bado vinasoma saba. Nimeviangalia."

Valerian alipanga karatasi. "Obed amekufa. Karatasi hii haimfufui. Ukisema waya, wa kwanza kufungwa ni wewe uliyeutoa. Na hukuandika kwamba nilikuagiza."

"Uliniambia nisiandike."

"Nilisema Redempta. Basi."

Hapo ndipo nilipomwona. Mtu yule yule aliyesimama kwenye kikao kwa ajili yangu. Nimekuwa nikijiuliza kama siku ile alinitetea kwa sababu naweza kazi, au kwa sababu alijua siku moja atahitaji mtu asiyeweza kumkatalia.

Nikatia sahihi. Sumbawanga hii ukisema radi, hakuna anayeuliza la pili.

Februari 8, Jumapili

Nilikosea. La pili linaulizwa, ila si kwetu. Sokoni, kwenye foleni ya unga, mwanamke mbele yangu alimwambia mwenzake: radi ya kituoni ilitumwa. Yule Msukuma alikuwa na ugomvi na bibi mmoja wa Kasense. Bibi alimwambia utaona, na wiki tatu hazikufika.

Nililipa unga nikaondoka bila kuuchukua. Ilinibidi nirudi.

Februari 11, Jumatano

Mgawo. Mji unapata umeme wa laini ya zamani, leo upande huu, kesho ule. Mvua.

Februari 15, Jumapili

Baada ya misa nilikwenda Kasense kumwona Kabula. Nilisikia kelele kabla sijafika. Watu kama hamsini walikuwa kwa Bibi Luciana, na wengi nawajua, wengine tulikuwa nao kanisani saa moja kabla. Wanaume wawili walikuwa juu ya paa wanatupa nyasi chini. Wengine walikuwa wanasukuma ukuta wa matofali mabichi, na mvua ilikuwa imeshaulegeza, haukuwasumbua.

Bibi Luciana alikuwa amekaa chini nje, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa cha kichwani kimetoka. Alikuwa anasema kitu kimoja, bila kupaza sauti: "Niliongea kwa hasira tu. Niliongea kwa hasira tu."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Isdori, alikuwa amesimama kati yake na wenye mawe, amenyoosha mikono. Si mtu mkubwa kwa umbo. "Nyumba mmebomoa. Inatosha. Huyu hamtamgusa mpaka mnipite mimi."

Ng'ambo, mlangoni kwake, Kabula alikuwa ameegemea nguzo. Hakuwachochea wala hakuwazuia. Aliniona, nami nikamwona.

Ningeweza kusema sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilisimama pale mpaka polisi wakaja wakampakia bibi kwenye gari, na sentensi ile bado iko mdomoni.

Februari 18, Jumatano ya Majivu

Padri alinipaka majivu. Nikatoka nikayafuta kabla sijafika barabarani.

Februari 19, Alhamisi

Nilikwenda nyumbani kwa Valerian. Mkewe alinipa kiti akatuacha.

"Kaka Valerian, wamebomoa nyumba ya bibi kwa radi ambayo haikupiga."

"Nimesikia. Ni ujinga wa watu."

"Ni karatasi yetu."

"Karatasi yetu haikusema uchawi. Ilisema radi." Alisugua uso. "Redempta, majibu ya maabara yalifika Desemba. Yalikuwa mabaya. Nilipeleka juu, wakaniambia nivumilie mpaka uzinduzi. Unadhani mimi nalala?"

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumchukia, akanipa hiyo. Kwa kitambo nilimwona kama mimi: mtu mwenye mkono mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye simu.

"Basi twende wote," nikasema. "Jumamosi Mzee Isdori ameitisha mkutano Kasense. Tukaseme."

Kisha akasema mama yake anaumwa na ana watoto wawili sekondari. Nikaaga.

Februari 21, Jumamosi

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Matope. Niliomba nafasi, Mzee Isdori akanipa. Kabula alikuwa kwenye benchi la mbele, amevaa nguo nyeusi.

Sikuwa nimeandaa hotuba. Niliwaambia ile mashine kubwa nyuma ya uzio ni ya nini, kama nilivyomwambia mama. Niliwaambia ilianza kuugua Novemba, na Obed ndiye aliyejua, na kwamba ina kifaa cha kuikata yenyewe ikizidiwa. Niliwaambia tarehe ishirini na tatu Januari nilitoa waya wa kifaa hicho kwa agizo la mkuu wangu, na tarehe tano Februari nikatia sahihi karatasi inayosema radi. Nikawaambia kuhusu vihesabio vinavyosoma saba. Yeyote anaweza kwenda kuviona.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu.

Mzee mmoja akasimama nyuma, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumekuelewa. Mashine ilikuwa mbovu. Lakini ilikuwa mbovu tangu Novemba, na kituoni mko wengi. Kwa nini ilipasuka saa ile ile Obed akiwa chini yake? Nani alimpeleka pale?"

Vichwa vikatikisika kukubali. Niliona kwamba nimewapa waya na gesi na mafuta na vihesabio, na vyote vimeingia, na Bibi Luciana bado yumo ndani yake. Ukweli wote nilioutoa ulikuwa unajibu ilipasukaje. Wao walikuwa wanauliza kwa nini Obed.

Na jibu nilikuwa nalo. Sikuliandika hata humu. Tarehe thelathini niliandika kwamba alivaa koti akaenda. Hakwenda hivyo. Alisimama mlangoni, maji yanamtiririka mikononi, akaniuliza.

"Mimi ndiye niliyempeleka," nikasema. "Kabla hajatoka aliniuliza, 'Dada, ikizidi itakata yenyewe, si ndiyo?' Nikamwambia, 'Itakata.' Angejua ukweli asingekwenda. Alikwenda kwa sababu alinisadiki. Hakuna mtu mwingine aliyempeleka pale."

Mzee yule akakaa.

Kabula alisimama. Nilidhani anakuja kunipiga na nilitaka anipige. Alinipita, akasimama mbele ya Mzee Isdori akasema, "Mwenyekiti, andika kwamba mke wa Obed hana neno na Bibi Luciana. Andika niweke dole." Kisha akaenda zake nyumbani, anashika sketi isiguse matope.

Februari 24, Jumanne

Barua ya kusimamishwa kazi. Nimekabidhi funguo.

Machi 3, Jumanne

Polisi, maelezo, kwa muda wa saa sita. Wameniachia kwa dhamana. Mzee Isdori ndiye aliyenidhamini.

Machi 19, Alhamisi

Mvua.

Machi 27, Ijumaa

Riakta mpya imepita mjini kwenye tela ndefu, pikipiki za askari mbele. Bodaboda wamesimama kuipiga picha. Uzinduzi utakuwa Juni.

Aprili 5, Pasaka

Nimekuja Kate. Mama hakuniuliza kitu. Mama yake Valerian alipita njia ya shambani, nikamwamkia shikamoo. Aliitika akiwa ameshanipita.

Aprili 22, Jumatano

Ripoti ya uchunguzi imetoka. "Uzembe wa mwendeshaji wa zamu." Kurasa kumi na moja, na mwendeshaji ni mmoja. Maabara haimo. Agizo halimo, kwa kuwa hakuna mahali lilipoandikwa. Valerian amehamishiwa mkoa mwingine, cheo kimeongezwa neno moja mbele. Kesi yangu itatajwa Juni.

Nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi ya uongo kuhusu mimi. Haipo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mei 9, Jumamosi

Mvua zimekwisha, upepo umeanza. Nimerudi mjini kwa ajili ya mwanasheria, na jana jioni Kabula alinipigia simu, mara ya kwanza tangu mkutano. Alisema maneno matano: "Kesho asubuhi. Njoo na kisu."

Nilikwenda Kasense bila kuuliza. Nilikaa macho nikiwaza kisu ni cha nini, na nilikuwa tayari kwa lolote.

Kilikuwa cha kukatia ulezi. Shamba la Bibi Luciana limeiva, limejaa, isipokuwa ile kona. Bibi mwenyewe alikuwepo. Anaishi kwa binti wa dada yake mjini na amekataa kurudi, ingawa Mzee Isdori alijitolea kumjengea. Nilimsikia akimwambia Kabula, "Nyumba mtasimamisha. Wataendelea kuniamkia haraka haraka na kuvuta watoto pembeni. Nivune changu niondoke." Na kweli, waliopita njiani walimwamkia vizuri sana, kisha wakakaza mwendo.

Niliwaamkia. Bibi aliitika. Kabula alinionyesha mstari wa kuanzia kwa kidevu.

Tulikata masuke mpaka jua likawa utosini, watatu, kila mmoja na kapu lake. Hakuna aliyezungumza na mwenzake zaidi ya "sogeza" na "lete." Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Februari. Tulipofika mwisho wa mstari, mimi na Kabula tukiwa bega kwa bega, nikafungua mdomo.

"Kabula, mimi—"

"Usiseme," akasema. Hakuacha kukata. "Mimi na samahani yako hatujakutana bado, na labda hatutakutana. Obed alisema atamlimia bibi, hakuwahi. Mimi siwezi kulimaliza shamba hili peke yangu. Ndiyo maana nimekuita."

Akageuka akaanza mstari mwingine. Nikabadilisha kapu kwenye mkono wa pili, nikashika mstari wa pembeni yake.